Posho ya Nyumbani

Kwa miaka sita Sajini Otim ndiye aliyeshika funguo za stoo ya chakula katika kambi moja ya jeshi mjini Jinja. Unga, maharagwe, chumvi na mafuta ya kupikia, vyote vilipita mbele ya macho yake kabla havijafika jikoni. Alijua gunia moja linashibisha watu wangapi, na alijua ni mpishi yupi huficha sukari ndani ya buti. Wenzake walisema Otim akiitazama sufuria kwa mbali anaweza kukwambia imepungua vijiko vingapi. Yalikuwa masihara, lakini mwenyewe hakuwahi kuikana sifa hiyo.

Mwaka wa tisini na tatu jeshi likapunguzwa. Majina yalisomwa uwanjani asubuhi moja ya manyunyu, na la kwake likawemo. Hakuwa amekosa lolote. Alikuwa na miaka arobaini na minne na goti moja bovu, na hakuwa na mtu wa kumsemea huko juu. Walimpa barua, mabati, jembe na fedha za kuanzia maisha, wakamshukuru kwa utumishi wake. Mabati aliyapeleka Lira kwa mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa ikivuja tangu enzi za vita. Fedha zikaenda kwenye kodi ya vyumba viwili kule Walukuba, mtaa wa Jinja, kwenye ada ya Shallon, binti yake mkubwa, na kwenye gari la kuhamishia vyombo. Miezi minne haikutimia, mkononi pakabaki jembe, na shamba hakuwa nalo.

Mkewe Khainza, Mgisu wa Nakaloke, nje kidogo ya mji wa Mbale, hakungoja mambo yawe mabaya. Wiki ileile waliyohama kambini alishuka Masese, ziwani. Huko viwanda vya samaki vilichukua minofu ya sangara kwenda kuuza Ulaya, na mifupa yenye kichwa, mkia na nyama iliyokwepa kisu vikawauzia akina mama kwa bei ya chini. Watu waliipa jina la mgongo wazi. Khainza aliinunua, akaikaanga, akaiuza kando ya barabara wafanyakazi wanaporudi makwao. Kilichopatikana kiliwaweka hai, lakini hakikufika hata nusu ya mshahara waliouzoea. Tena kulikuwa na ule unga na yale maharagwe ya kambini, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyahesabu kuwa ni mshahara mpaka siku yalipokoma.

Otim alitafuta kazi. Alikwenda viwandani, akaambiwa viwanda vyenyewe vinapunguza watu. Alikwenda kwa wenye maduka, wakamtazama goti. Siku nyingine alikaa tu mlangoni, mikono juu ya mapaja, akitazama watu wakipita na shughuli zao, na Olivia, binti yake mdogo wa miaka sita, alipomuuliza kwa nini hafanyi kitu, alimwambia aende akacheze.

Jioni moja alimngoja Khainza atue beseni, akasema, "Mama Shallon, wewe unatafuta pesa. Mimi niko hapa siku mzima. Kazi ya kugawa chakula mimi naijua. Niachie stoo."

Khainza alikuwa akifuta mafuta ya samaki mikononi. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye ni Mgisu na mume ni Mlangi, na walikutana Mbale wakati kikosi cha Otim kilipokuwa huko, wakiwa hawana lugha nyingine ya kupendana.

"Sawa, baba Shallon," akasema. "Shika."

Kesho yake Otim aliamka kabla ya jogoo. Alikuwa na sanduku la mbao, lile la kuwekea risasi, alilolinunua tupu alipokuwa kambini. Akalisugua kwa maji ya moto, akaliweka chini ya kitanda, akatia ndani unga, maharagwe, sukari na sabuni. Akalifunga kwa kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi.

Ni haki kusema kwamba alikuwa hodari. Maharagwe yalilowekwa usiku kucha, yakachemshwa kidogo tu, kisha sufuria ikavikwa blanketi kuukuu la jeshi na kuachwa. Mchana yakawa yameiva yenyewe. Mkaa uliokuwa ukiisha kwa wiki moja ukafika mbili. Mche wa sabuni aliukata vipande kwa uzi, kila mtu na chake. Badala ya nyama ya Jumapili wakala mukene, wale dagaa wa ziwani, waliotwangwa wakachanganywa na karanga, na watoto hawakulalamika. Sukari ikawa ya Jumapili asubuhi peke yake. Khainza, aliyekuwa akipanda boda ya baiskeli kurudi na beseni lake, akaambiwa atembee, kwani Masese si mbali. Shallon akatolewa shule ya bweni akaandikishwa shule ya kutwa iliyokuwa karibu. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaenda.

Kila asubuhi Otim alipiga magoti mbele ya sanduku, goti bovu likimuuma, akapima posho kwa kikombe cha bati. Mtu mzima kikombe kimoja, Shallon kimoja kasoro vidole viwili, Olivia nusu. Alipokuwa akipima aliimba kwa sauti ya chini nyimbo za mwendo za jeshini. Nyumba ilikuwa imepata utaratibu, na yeye alikuwa amepata kazi.

Jumamosi ya kwanza, Khainza alisimama mlangoni na bakuli mkononi.

"Naomba kikombe moja ya unga na moja ya maharagwe."

"Ya nini?"

"Ya kupeleka kwa Shifa."

Shifa alikuwa mjane aliyekaa nyuma ya nyumba zao, mchoma mandazi. Uani kwake kulikuwa na pipa la chuma lenye mfuniko, na wanawake thelathini na kitu wa mtaa ule walikuwa na chama chao walichokiita Munno Mukabi, yaani rafiki wa wakati wa shida. Kila Jumamosi kila mmoja alileta kikombe cha unga na kikombe cha maharagwe. Msiba ukimfika mwanachama, pipa lilifunguliwa likaenda kwake, na wanawake wakaenda nalo kupika. Miaka ile misiba ilikuwa mingi. Vijana walikuwa wakizikwa na wazazi wao, na pipa halikukaa limejaa. Kwa hiyo kila ulipotokea msiba, wanachama walirudisha vikombe viwili zaidi ili lisilale tupu.

"Nani amekufa?" Otim akauliza.

"Wiki hii hakuna."

"Basi tunamlisha nani?"

"Hatumlishi mtu. Tunaweka."

Otim alicheka kidogo, bila ubaya. "Mama Shallon, chakula ambayo inatoka stoo na hairudi, sisi jeshini tunaita wizi. Watoto wangu wanapimiwa kwa vidole, halafu mimi nijaze pipa ya watu? Hapana. Hiyo tunaikata."

Khainza alibaki amesimama na bakuli lake. "Nimesikia," akasema, akarudisha bakuli mahali pake.

Siku chache baadaye alikuja na ombi jingine. Chakula cha mchana, alisema, asiwekewe nyumbani. Yeye mchana yuko Masese, na wanawake wenzake huko hupika pamoja kwenye moto mmoja. Apimiwe unga wake mkavu, aende nao. Otim aliliona hilo ni wazo zuri sana, kwani mkaa wa nyumbani ungepona zaidi. Basi kila asubuhi akampimia nusu kikombe cha unga na gao la maharagwe katika kifuko cheupe cha nailoni, akakifunga fundo, akamkabidhi mwenyewe. Jioni alipomuuliza kama amekula, Khainza alijibu, "Nilikula Masese."

Kulikuwa na jambo moja ambalo Otim hakuliingiza katika hesabu zake. Saa kumi jioni, kila siku ya Mungu, alivaa shati safi akaenda kukutana na watu watatu waliopunguzwa pamoja naye. Walikaa kukizunguka chungu cha malwa, ile pombe ya wimbi inywewayo moto kwa mirija mirefu, kila mmoja akatoa sehemu yake. Kila kufuli lilipookoa kitu, sehemu ya kitu hicho ilikwenda kwenye chungu. Mtu angemwambia kwamba hayo ni matumizi, angeshangaa kweli. Yeye aliyaita kutafuta habari za kazi. Huko aliitwa afande bado, na mwenye chungu alimfutia kiti kabla hajakaa.

Hivyo ndivyo miezi mitatu ilivyopita. Khainza alikonda. Gauni lake la kitenge lilianza kumzunguka kama limeazimwa kwa mtu mwingine, na akiinama kupuliza sigiri ya mkaa alishika ukuta kwanza kabla ya kuinuka. Otim aliona. Alidhani ni ule mwendo wa kwenda Masese na kurudi, akajiambia kwamba hali ikitengemaa atamrudishia boda yake.

Asubuhi ya Jumanne, mwezi wa sita, Matia alikuja. Huyu alikuwa kaka yake Khainza, mkulima wa Nakaloke, mtu asiyesafiri bila sababu. Alisimama mlangoni kofia mkononi, na Khainza alipoiona ile kofia mkononi akaketi papo hapo juu ya beseni lake lililopinduliwa.

"Ni mama?" akauliza.

"Ni mama," Matia akasema. "Juzi alikula vizuri, akalala. Jana asubuhi hakuamka."

Khainza hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Olivia akaenda kumwegemea. Otim alimshika Matia mkono, akamkaribisha ndani, akampa maji, akasema yale maneno yanayosemwa.

Walipobaki wawili, Matia alisema kwa sauti ya chini, "Shemeji, mimi sikuja kukusumbua. Lakini watu wameanza kufika, na ukoo wetu unaujua. Mahindi bado yako shambani, ghalani hakuna kitu. Mama alikuwa na binti mmoja tu. Watu watauliza mkwe amekuja na nini."

"Jioni tutakuwa pale," Otim akasema.

Matia alipoondoka kwenda kuwahi gari, Otim aliingia chumbani, akapiga magoti, akafungua kufuli. Unga ulikuwa umebaki robo ya sanduku. Hakutaka kupiga hesabu, lakini kichwa chake kilikuwa kimeshaipiga: chakula cha watu wanne kwa siku tisa. Msiba wa Bugisu wa siku tatu, watu mia mbili kwa uchache, ulitaka magunia mawili ya unga na moja la maharagwe, bila kutaja chumvi na majani ya chai. Alikaa pale chini, mfuniko wa sanduku umemwegemea begani, akaona kwamba miezi mitatu yote alikuwa akilinda kitu kisichoweza kulisha hata waimba tenzi wa msiba mmoja.

Alikwenda kwanza kwa rafiki zake wa chungu, ingawa ilikuwa asubuhi. Aliwakuta wawili. Walimpa pole ya kweli, mmoja machozi yakamlengalenga, kwani naye alikuwa amemzika mama yake mwaka ule. Walipekua mifuko, wakampa walichokuwa nacho, na kilikuwa nauli ya mtu mmoja kwenda, bila kurudi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa chungu kimoja, na chungu kilikuwa kitupu.

Pakabaki mahali pamoja. Alizunguka nyuma ya nyumba, hatua zikiwa nzito kuliko siku aliyotoka kambini na barua yake.

Uani kwa Shifa alikuta wanawake wengi. Pipa limefunguliwa, mmoja anachota unga kwa karai, wawili wameshika mdomo wa gunia. Wengine walikuwa wakifunga masufuria makubwa kwa kamba. Otim alidhani kumbe kuna msiba mwingine tena, akaona ombi lake limekufa kabla halijazaliwa. Lakini mguu ulikuwa umeshaingia.

"Mama Shifa," akasema, "nimekuja na uso wa mavi. Nisamehe kusema hivyo. Mama yake Khainza amefariki huko Nakaloke. Najua sisi tulisimama kuleta vikombe, miezi tatu sasa. Kosa ni yangu, si ya mke wangu. Mimi nilimkatalia. Kama sheria yenu inasema hapana, nitaelewa. Lakini nimekuja kuomba."

Wanawake waliacha kuchota. Shifa, ambaye alilelewa Kisumu na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha mtu yeyote mtaani, alijifuta unga mikononi, akamkaribia.

"Mlisimama lini, afande?"

"Toka mwezi wa tatu."

"Khainza hajakosa Jumamosi hata moja," Shifa akasema. "Na misiba yote minne ya mwezi uliopita, alileta vikombe vya nyongeza. Huu unga unaouona ni wa msiba wake, ndio tunaufungia safari. Shallon alikuja kutuambia kabla hajakwenda shule."

Otim alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Sanduku ni mimi nafungua."

"Mimi sijui habari za sanduku. Najua anapita hapa asubuhi akienda Masese, ananikabidhi kifuko cheupe kidogo, cha nailoni, kimefungwa fundo. Vifuko viwili vinafanya kikombe. Tulidhani ndivyo mlivyopanga nyumbani."

Yale mafundo Otim aliyafunga mwenyewe. Alisimama akiyatazama magunia. Mwanamke mmoja alimsogezea kigogo cha kukalia, naye akakaa.

"Basi mchana alikuwa anakula nini?" akauliza.

Shifa alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini hapo aliyapima. "Hilo," akasema, "utamuuliza mwenyewe, na si leo. Leo ana mama wa kuzika. Inuka utusaidie kubeba, tuna masufuria matano na wanaume hatuna."

Zubairi, mwenye duka la mkabala, alitoa pikapu yake kwa gharama ya mafuta tu. Wanawake saba walipanda nyuma pamoja na magunia, Khainza na watoto wakakaa mbele, na Otim akaning'inia nyuma kabisa, mguu wenye goti bovu ukiwa juu ya gunia la maharagwe. Walipita Iganga na Tororo. Milima ya Wanale ilipojitokeza juu ya Mbale, imefunikwa wingu kichwani, mmoja wa wanawake alianza wimbo wa kanisani wa taratibu na wengine wakaupokea, hata Shifa ambaye hakuwa wa kanisa hilo. Ndivyo walivyoingia Nakaloke, wakiimba.

Matia alipoyaona magunia yakishuka alimkumbatia shemeji yake mbele ya wazee. "Umetuheshimu," akasema. Otim alitaka kumwambia ukweli, akaona si mahali pake, akajibu tu, "Ni Khainza."

Sasa, kule kwa Wagisu mkwe akija msibani huketi na wanaume kwenye viti, akaletewa chakula. Otim hakukaa. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia kwenye kibanda cha moshi kulikokuwa na masufuria. Shangazi mmoja mzee alimwuliza kwa Lumasaba, lugha ya Wagisu, kama amepotea njia. Yeye akamjibu kwa Lumasaba chake cha kuungaunga kwamba kazi yake ilikuwa kulisha jeshi, na kwamba watu mia mbili hawamtishi. Yule shangazi akacheka huku ana machozi ya msiba, akamwachia mwiko.

Kwa siku tatu aligawa chakula hapo. Alihesabu watu kwa jicho walipokuwa wakiingia, akapunguza moto hapa, akaongeza maji pale, akajua lini gunia la pili lifunguliwe. Walikula watu wa karibu na wa mbali, walikula wazee wa ukoo na wapita njia waliosikia tu kilio, na hakuna aliyeondoka na njaa. Lakini kulikuwa na amri moja ambayo jeshini hakuwahi kuitoa: wapishi wale kwanza. Na kabla ya wapishi, alitengeneza sahani moja, posho ya moto, yaani ugali, na maharagwe yaliyotiwa karanga, akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye mkeka alikokaa Khainza na wanawake wa ukoo. Akachutama hapo mbele ya watu wote, akangoja mpaka mkewe amalize. Wengine walinong'ona. Yeye hakunyanyuka.

Asubuhi ya siku baada ya mazishi, Khainza alikwenda migombani nyuma ya nyumba ya mama yake kukata majani ya kufunikia vyakula. Otim alimfuata na panga.

"Shifa aliniambia," akasema.

Khainza aliendelea kuchagua majani. "Nilijua siku moja itakufikia. Ni sawa."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Nilikuambia, siku ile na bakuli. Ulisema ni wizi." Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayesimulia jambo la zamani. "Halafu, baba Shallon, ulipotoka jeshini ulikuwa unakaa pale mlangoni kama mtu aliyenyang'anywa mikono. Ukachukua hiyo sanduku yako, ukaanza kuamka mapema. Ukaanza kuimba. Nikajiambia, nikigombana naye juu ya hii unga atarudi kukaa mlangoni. Njaa ya mchana mimi naiweza. Wewe kukaa mlangoni, hiyo sikuiweza."

Otim alikuwa ameshika mgomba mmoja kama anayeupima unene.

"Na mimi kila jioni nilikuwa kwenye chungu."

"Najua."

"Sikuiona kama matumizi."

"Najua pia," Khainza akasema. Sasa ndipo alipogeuka akamtazama. "Unga haikuniuma. Hiyo ndiyo iliniuma. Ulikata boda yangu, ukakata shule ya Shallon, ukakata sukari ya mtoto wa miaka sita. Nikawa nangoja siku utafika kwenye jina lako."

Otim alikata majani, akayapanga mkononi, akabeba yote yeye. Walipokaribia nyumba alisema, "Nisamehe, Khainza." Alizoea kumwita mama Shallon, hakuwa amemwita yeye mwenyewe kwa jina hilo tangu wakiwa vijana wa Mbale. Khainza akamgusa kiwiko kidogo, wakaingia kwenye watu.

Waliporudi Walukuba, sanduku lilitolewa chini ya kitanda likawekwa jikoni bila kufuli. Otim hakwenda tena kwa wenzake saa kumi. Mmoja alipokuja kumuulizia, alimwambia waziwazi kwamba sehemu yake ya chungu ameipangia kazi nyingine, na kwamba mwenzake akipenda kuja kupiga soga, maji ya kunywa yapo. Yule alikasirika, kisha baada ya wiki mbili akaja kupiga soga.

Jioni moja walikaa wanne, hata Olivia, wakaulizana kila mtu anaweza kuacha nini na hawezi kuacha nini. Hilo Otim hakuwahi kulifikiria, kwamba anayekatiwa aulizwe. Shallon alisema shule ya kutwa ameshaizoea, ila anaomba mafuta ya taa ya kusomea. Olivia alisema anaweza kuacha maharagwe. Wakacheka, maharagwe yakabaki. Khainza alisema vyumba viwili ni vingi, wakimpangisha mtu kimoja, kodi itajilipa nusu. Wakampangisha mwalimu mmoja mpole, wakabanana wote katika kile cha pili, pazia likagawa usiku wao.

Otim akaanza kushuka Masese pamoja na mkewe. Siku za mwanzo aliona haya, kwani huko ni biashara ya wanawake, na wavuvi walimtania kwamba jeshi limeishiwa na adui. Alizoea. Aliazima baiskeli, akafunga mabeseni mawili nyuma badala ya moja, na Khainza hakubeba tena kitu kichwani. Mifupa ikakaangwa nyumbani, wakauza sehemu mbili, yeye karibu na lango la kiwanda na mkewe kando ya barabara. Hawakutajirika. Kuna wiki samaki walikuwa ghali na wakarudi na beseni nusu, na kuna mwezi Olivia alishikwa na malaria wakauza redio. Lakini Khainza alianza kujaa tena ndani ya kitenge chake, polepole, kuanzia mashavuni.

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili mvua ilikuwa ikinyesha, na Otim ndiye aliyekuwa akisonga posho. Shallon alirudi shuleni akasimama kizingitini, hataki kuingia.

"Baba," akasema, "nimekuja na rafiki yangu. Kwao hawajapika tangu jana. Sikumwambia kama tutampa chakula. Nimemwambia tu tujikinge mvua."

Nyuma yake, chini ya ukingo wa bati, alisimama msichana aliyelowa, vitabu amevikumbatia kifuani, akitazama chini.

Otim aliitazama sufuria. Khainza, aliyekuwa akimsuka Olivia pembeni, aliendelea kusuka. Otim akatia maji kidogo kwenye mchuzi, akakoroga.

"Mwambie aingie," akasema. "Asisimame mlangoni."